Barafu ya Kilomita ya Ishirini na Sita

Inspekta Rampha alisimama kwenye kilomita ya ishirini na sita kwa sababu ya mguu, si kwa sababu ya upelelezi. Shavu la mguu wa kulia lilikuwa limekaza kama kamba ya kuanikia nguo. Akatoka njiani, akaketi kwenye ukingo wa tuta la bwawa, akavua kiatu na kuanza kujikanda huku akijilaani. Ilikuwa saa moja na robo asubuhi na jua lilikuwa limeshaanza ukali wake. Wakimbiaji walimpita mmoja mmoja, na mmoja akamwambia, "Jikaze dada, bado kidogo tu." Ni uongo ambao kila mkimbiaji humwambia mwenzake na hakuna anayeuamini.

Ndipo alipoiona glasi. Ilikuwa chini ya ukingo, nyuma ya nguzo ya zege ya kupimia maji, mahali ambapo mtu aliyesimama hawezi kupaona. Ilijaa soda nyekundu na ilikuwa na mrija. Mbele yake kijiti kimoja cha udi kilikuwa kimechomekwa kwenye ndizi, na bado kilifuka moshi. Kwenye nondo iliyochomoza nguzoni ilining'inia mipira mitatu ya kubania nywele, yote ya kijani. Wa kwanza ulikuwa umepauka na kukatikakatika kwa jua, wa pili ulikuwa umefifia, na wa tatu ulikuwa mpya kabisa.

Rampha hakuvigusa. Alitoa simu kwenye mkanda wa kiunoni, akapiga picha nne, kisha akachungulia ndani ya glasi. Barafu ilikuwa bado inaelea.

Hakusikia tena maumivu ya mguu. Alimpigia Sajini Chalo kituoni.

"Inspekta," Chalo alipokea, "mtu anayekimbia vizuri hana pumzi ya kupiga simu. Umeshindwa?"

"Faili la Khet. Droo yangu ya chini."

"Lile ulilokatazwa kulishika?"

"Hilohilo. Nisomee orodha ya vitu alivyokutwa navyo."

Karatasi zilichakarika. Chalo alipoanza kusoma, utani ulikuwa umemtoka. "Namba ya kifuani. Ufunguo wa pikipiki. Mpira mwekundu wa nywele, mkono wa kushoto. Basi."

"Wa kijani?"

"Haupo. Wameandika, 'Inasadikiwa ulichomoka marehemu alipoangukia mferejini.'"

"Nani nje ya kituo aliambiwa kwamba wa kijani haukuwepo?"

"Hakuna. Gazeti liliandika joto, likaishia hapo. Hata mama hakuambiwa. Wewe mwenyewe ulisema tusimwongezee."

"Chukua pikipiki. Nikute kilomita ya thelathini na nne. Njoo na pingu."

Mbio za Nong Kradian ni mbio za mji mdogo, hazina vifaa vya kunasa muda wa mkimbiaji. Kinachothibitisha kwamba hukukata njia ni mipira ya nywele: mwekundu unavishwa kwenye kilomita ya kumi na tano, wa kijani hekaluni, kilomita ya ishirini na tisa. Ukifika mwisho bila yote miwili, unafutwa. Miaka mitatu iliyopita, tarehe kama ya leo, Khet, mdogo wake Rampha, kijana wa miaka ishirini na miwili, alikutwa amekufa kwenye mfereji wa zege pembeni ya mashamba ya mihogo, kilomita ya thelathini na nne. Daktari aliandika kwamba alizimia kwa joto, akaanguka, akavunjika mbavu na kupasuka kichwa. Ilikuwa habari rahisi. Faili likafungwa baada ya siku tisa, na Rampha akazuiwa kuligusa kwa kuwa ni ndugu.

Lakini mtu asiye na mpira wa kijani hajafika hekaluni. Na asiyefika hekaluni atakufaje kilomita tano mbele yake?

Swali hilo alilibeba miaka mitatu. Mama yake, Bi Bunruean, alikuwa na lake. Huku kwao aliyefia njiani hukaa palepale alipokatia roho mpaka ndugu zake wafike na mtawa, wamwite kwa jina na kumwongoza nyumbani. Bi Bunruean alikuwa amemwita mwanawe mara tatu kwenye mfereji ule, na kila mara usiku wa pili Khet alimjia ndotoni akihema: "Mama, bado nipo njiani." Sasa figo za mama zilikuwa zimekwisha. Hospitali ilimrudisha nyumbani na kusema hatafikia mvua. Leo asubuhi alikuwa anakwenda kumwita mara ya nne, na kila mtu alijua ndiyo ya mwisho. Ndiyo maana Rampha alivaa viatu ambavyo alikuwa ameapa kutovivaa tena. Alitaka kuipita njia yote kwa mguu, hatua kwa hatua, kama alivyopita Khet, maana gari humpitisha mtu mahali bila kumwonyesha kitu.

Mlinzi wa bwawa alikuwa hatua hamsini mbele, mzee mnene aitwaye Thongdam, amekalia pikipiki yake chini ya mwavuli, chupa ya chai mapajani. Rampha alivaa kiatu, akamwendea akichechemea.

"Mzee, nani anaweka vitu nyuma ya ile nguzo?"

"Hivyo ni vya mwenye bwawa. Kila maji yana mwenyewe. Usivishike, tumbo litakuuma mwezi mzima."

"Mwenye bwawa anapewa udi mmoja?"

Thongdam alitazama pembeni. Mtoto wa darasa la kwanza anajua hilo: mwenye ardhi hupewa vijiti vitano, kimoja ni cha maiti.

"Mimi nalinda maji, mwanangu, sihesabu udi."

"Unakunywa nini?"

"Kahawa ya barafu. Unataka? Naona umeungua."

Rampha aliipokea ile chupa, akaimimina kiasi kiganjani. Zilitoka barafu za duka, ndefu za duara, zenye tundu katikati. Dakika moja kabla alikuwa tayari kumkamata. Mzee alikuwa na nafasi, barafu na sababu ya kuwa pale. Lakini barafu ya kwenye glasi ilikuwa ya kusagwa, ya magunia, ile inayomwagwa kwenye ndoo za sponji vituoni. Alirudisha chupa.

"Nani amepita hapa robo saa hii, asiyekimbia?"

"Hakuna. Tuta limefungwa tangu jana."

"Fikiri, mzee."

"Nifikiri nini? Lori la barafu tu, nalo halikupanda. Lilisimama kule chini, njia ya mashamba. Dereva akapanda ngazi kapakata mfuko, nikajua katafuta kichaka, mtu mzima huyo. Kaniachia hata bibi mmoja mgonjwa ndani ya gari, katundika mwavuli dirishani asichomwe na jua."

Lori la barafu la mbio hizi ni moja, la Mjomba Sawaeng, jirani yao wa ukuta kwa ukuta. Na bibi mgonjwa ndani yake alikuwa mama yake.

Alikimbia. Mguu ulikataa, akaulazimisha. Kichwani alipanga ushahidi kama alivyofundishwa, kimoja juu ya kingine. Udi mmoja: aliyeuweka anajua kuna mtu alipatwa na jambo pale. Mpira mmoja kila mwaka: anajua ni lini. Rangi ya kijani: anajua alichokosa marehemu, jambo lisilojulikana nje ya kituo. Barafu ya kusagwa isiyoyeyuka: ni mwenye lori. Mtu mwingine yeyote mwenye hatia angekaa mbali na mahali pale. Sawaeng alimwogopa maiti kuliko alivyoiogopa polisi, akaenda kumlisha.

Na bado alitamani awe amekosea. Sawaeng ndiye aliyebeba jeneza upande wa kichwa. Ndiye aliyemletea mama barafu bure kila siku ya joto tangu msiba. Kikulacho ki nguoni mwako, wamesema wakubwa, lakini hawakusema namna inavyouma kuivua nguo yenyewe.

Hekaluni mama mmoja wa makamo, mwenye aproni, alikuwa na sinia la mipira ya kijani. "Mkono, dada. Pole, umekuwa mwekundu kama pilipili."

Rampha alinyoosha mkono, akavishwa. "Lori la barafu limeshapita?"

"Kitambo. Katushushia magunia mawili. Na mwaka huu tena kaniomba mpira mmoja, nikamtania, huyo mjukuu wako ana nywele ngapi?"

"Alikuomba hapa, leo?"

"Leo alfajiri, wakati tunapanga meza. Huja mapema, anachukua wake, anazunguka na vituo. Kila mwaka. Wa mjukuu, anasema."

"Ana mjukuu?"

Yule mama alicheka. "Mjukuu atoke wapi? Hata mke hana."

Rampha aliandika jina la yule mama na namba yake ya simu kiganjani kwa kalamu ya meza, kisha akaondoka. Kilomita tano zilizofuata hakuzikumbuka baadaye. Alikumbuka tu ile ya ishirini na mbili aliyokuwa ameshaipita, ambapo miaka mitatu iliyopita Khet alimwambia, "Nenda dada, unanisubiri utaharibu muda wako," naye akaenda. Aliupata muda wake. Ilikuwa nafuu ya dakika sita.

Kwenye kilomita ya thelathini na nne mama yake alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki kando ya mfereji, mwembamba ndani ya blauzi nyeupe, miguu imevimba. Mtawa mzee kutoka hekalu la mtaani kwao alikuwa anafungua kibunda cha uzi mweupe. Nyuma yao liliegeshwa lori, maji ya barafu yakidondoka chini. Sawaeng, mtu mfupi wa miaka sitini, mikono imepasuka kwa baridi ya kazi yake, alikuwa amemshikia Bi Bunruean mwavuli.

"Rampha," alisema, "mbona umepauka? Kunywa maji kwanza, mwanangu."

"Mjomba, tuongee huku nyuma."

Sawaeng alimpa mtawa mwavuli, akamfuata hadi nyuma ya turubai la lori.

"Umepitia wapi asubuhi hii?"

"Njia ya siku zote. Kiwandani, hekaluni, vituoni, hapa."

"Hukusimama popote pasipo na kituo?"

"Nisimame na barafu inayeyuka? Nina wazimu?"

Rampha akamwonyesha picha kwenye simu. Sawaeng aliitazama muda mrefu. Akajifuta mikono kwenye suruali, ingawa ilikuwa imekauka.

"Matambiko ya watu hayo. Siyajui."

"Mlinzi amekuona ukipanda ngazi na mfuko. Barafu iliyo kwenye glasi ni yako, ilikuwa haijayeyuka saa moja na robo. Na mama wa hekaluni anamsalimu mjukuu wako."

Mkimbiaji mmoja alipita akikokota miguu. Sawaeng alimsubiri apite, kwa heshima, kana kwamba ana haki ya kutosikia.

"Nilikuwa nimechelewa," alisema.

"Endelea."

"Gari liligoma kuwaka mwaka ule. Vituo vinne havina barafu, wananipigia simu kila dakika. Nikasema nikate juu ya tuta, nitakwenda polepole. Simu ikalia tena, nikaitazama. Nilimsikia kabla sijamwona."

"Alikuwa hai?"

"Hai. Anaongea kabisa."

Rampha aliuliza kwa sauti ileile anayowaulizia wezi wa ng'ombe, kwa kuwa hakuwa na nyingine ya kutumia. "Alisema nini?"

"Alisema, 'Mjomba, usinipakie garini, watanifuta.' Nikampakia. Nikamweka mbele, kando yangu. Tulipofika hekaluni akanyoosha mkono dirishani avishwe mpira wake. Yule mama alikuwa kageuka anachota maji, hakumwona. Mimi sikusimama."

"Hospitali ya wilaya ni dakika kumi kutoka hekaluni. Upande ule mwingine."

"Najua."

"Kwa nini hukwenda?"

"Niliogopa. Nikasema nitamfikisha hema la huduma ya kwanza, lilikuwa hapa, nitasema nimemwokota njiani. Pale kwenye kona ya mihogo akanyamaza. Nikamtikisa." Akatazama upande wa mfereji. "Nikamlaza mferejini taratibu, Rampha. Sikumtupa."

Alitaka kumpiga. Alitaka sana. Badala yake alimwambia aweke mikono juu ya bodi ya lori na asiitoe, naye akaitii amri kama mtu aliyeingoja kwa miaka.

Turubai halizuii sauti. Kutoka upande wa pili sauti nyembamba ya Bi Bunruean ilisema, "Sawaeng. Njoo nikuone."

Miaka thelathini alikuwa akimwita kaka. Sawaeng alijitokeza, akapiga magoti kwenye lami, viganja vimekutana mbele ya uso.

"Mara tatu nimekuja kumwita mwanangu hapa," mama alisema. "Mara zote wewe ndiye uliyenileta."

"Ndiyo, dada."

"Usiniite dada. Uliniona naita mahali ambapo hayupo, ukanyamaza. Ukanishikia mwavuli."

"Nilidhani yuko kule tutani nilikomgonga. Nilimpelekea chakula. Nilimwomba aje huku kwako."

"Tutani hakufia," alisema mtawa, mzee mkavu asiyepoteza maneno. "Amesema kijana alinyamaza akiwa ndani ya gari. Ni kweli?"

"Kweli, baba mtawa. Kiti cha abiria."

Bi Bunruean aligeuka akalitazama lori. Leo alikuwa ameketi kwenye kiti hicho kwa saa nzima, na mwaka jana, na mwaka juzi. Mkono wake ulikwenda mdomoni ukabaki hapo. Rampha alipiga hatua kumkamata asianguke, lakini mama hakuanguka.

"Funga uzi kwenye mlango," alimwambia mtawa.

Chalo alifika na pikipiki wakati uzi unafungwa. Alivua kofia. Alimvisha Sawaeng pingu kwa mbele na kumketisha kivulini. Mtawa akasoma dua yake. Kisha mama alisogezwa na kiti chake hadi kwenye mlango uliokuwa wazi, akaita. Sauti haikuwa na nguvu, lakini wakimbiaji waliokuwa karibu walisimama wenyewe.

"Khet, mwanangu. Ni mama. Shuka sasa. Twende nyumbani."

Mtawa aliwasha kijiti kimoja cha udi na kumkabidhi Rampha. "Kwa kawaida tungepanda gari, mmoja akaushika, akamwambia njia. Kila daraja, kila kona, anaambiwa. Ukinyamaza anapotea. Chalo atatafuta gari lingine."

"Hapandi gari," alisema Bi Bunruean.

"Mama, huwezi kutembea kilomita nane," Rampha alisema.

"Sijasema mimi. Umesikia maneno yake ya mwisho, si umesikia? Alikataa gari, wakampakia kwa nguvu. Mimi sitampakia tena." Akamshika mwanawe kiwiko kwa vidole vilivyovimba. "Wewe una miguu. Mlete kwa miguu yake, apite alipotaka kupita. Nitawasubiri kule mwisho. Nitasubiri, usiogope, leo sifi."

Mtawa akamtia Rampha vijiti vingine mkononi, vya kuwashia mfululizo, na kiberiti.

Alianza kwa kutembea, kwa kuwa mguu haukumpa zaidi. Mwanzoni aliona haya. Alikuwa inspekta wa polisi mwenye namba kifuani, anaongea peke yake barabarani. "Khet, tunaondoka kwenye lori. Tunashika kulia. Hapa kuna shimo." Kwenye kilomita ya thelathini na sita haya zilimwisha. "Tunavuka mfereji mkubwa. Hili ni daraja. Shule ile, unaiona, wamepaka rangi mpya." Vituo vilikuwa vinafungwa, meza zinakunjwa. Machozi yalimtoka bila kituo na hakuyafuta, maana mkono mmoja ulikuwa na udi na mwingine ulikuwa na kiberiti. Alimweleza kila kona. Mahali pasipo na kona alimweleza kwamba hakuna kona.

Kwenye kilomita ya thelathini na nane alisikia injini nyuma yake. Lilikuwa gari la kuzoa waliochoka, pikapu yenye mabenchi, wakimbiaji wanne wamejilaza juu yake, muziki unapiga. Dereva, kijana mwenye kofia ya mbio, alipunguza mwendo akalingana naye.

"Dada, muda umekwisha. Njia inafunguliwa magari sasa. Panda, hakuna aibu."

"Hatupandi," alisema Rampha.

"Kina nani hampandi? Uko peke yako, da—"

Akauona udi. Akamtazama usoni, kisha akatazama nafasi tupu iliyokuwa kando yake. Akazima muziki. Nyuma kwenye pikapu, mmoja wa wale wanne alivua kofia.

"Kuna mzunguko wa barabara pale mbele," kijana alisema kwa sauti ya chini. "Magari yanatoka kushoto kwa kasi. Mwambie asubiri, nitayasimamisha."

Akawasha taa za tahadhari, akatangulia taratibu hadi kwenye mzunguko, akaliweka gari lake kukingama njia nzima. Malori ya mihogo yalipiga honi, mtu mmoja akatukana. Kijana akashuka, akasimama mbele yao na mikono miwili juu.

"Tunafika kwenye mzunguko, Khet," Rampha alisema. "Watu wamesimama kwa ajili yako. Vuka."